Jongoo Bahari si Ndugu wa Jongoo

Mwanafunzi akiulizwa ni nani kati ya jongoo wa shambani, konokono na binadamu aliye karibu zaidi kiukoo na jongoo bahari, aghalabu atajibu: jongoo. Jina limemdanganya, na ule mgawanyo wa wanyama wenye uti wa mgongo na wasio nao umemdanganya zaidi. Mgawanyo huo ni mwepesi kukariri, lakini naona haufai kufundishwa kana kwamba waonyesha udugu. Kukosa kiungo fulani si ukoo.

Udugu hutafutwa kwenye kiinitete. Yai lililorutubishwa hugawanyika hata likawa mpira mtupu wa chembe, kisha upande mmoja hubonyea na kufanya tundu. Kwa konokono wengi tundu hilo huelekea kuwa kinywa. Kwa jongoo bahari na kiti cha pweza huwa njia ya kutolea kinyesi, na kinywa hutoboka baadaye mahali pengine. Ndiyo maana mwaka 1908 Karl Grobben aliliita kundi hilo Deuterostomia, yaani wenye kinywa cha pili, na sisi tumo.

Jaribio la Hans Driesch la mwaka 1891 lastahili kusimuliwa katika kila darasa. Alichukua viinitete vya yule mnyama wa mviringo mwenye miiba, achomaye nyayo za wavuvi, vikiwa na chembe mbili tu, akavitikisa mpaka chembe zikaachana. Alitazamia kupata nusu mnyama. Kila chembe ikakua mnyama kamili, ila mdogo. Mapacha wa kufanana wa binadamu nao hutokana na kiinitete kimoja kilichogawanyika.

Hali kadhalika asidia, mnyama aliyeganda mwambani kama kifuko, zamani alihesabiwa pamoja na konokono na chaza. Mwaka 1866 Alexander Kowalevsky alionyesha kwamba mtoto wake huogelea kwa mkia wenye notokodi, ule ufito unaotangulia uti wa mgongo kwetu sisi.

Hata hivyo, walimu wenzangu, tusigeuze kinywa cha pili kuwa amri. Wako minyoo wa baharini waitwao priapulida ambao tundu lao la kwanza huwa njia ya kinyesi, nao si wa kundi hili. Mwaka 2021 uchunguzi wa jeni ulihoji hata kama Deuterostomia ni ukoo mmoja kweli, ingawa wataalamu wengi wangali wakilikubali kundi hilo. Mtu atasema mambo haya yatawachanganya wanafunzi. Nionavyo mimi, kinachowachanganya ni swali la mtihani linalowataka wataje sifa tatu za wasio na uti wa mgongo, wakati wanyama hao hawana hata moja inayowapambanua wao peke yao, isipokuwa ile ya kutokuwa nao.