Mgongo Hauuzwi Kadutu



Katika soko la Kadutu mtu anapata karibu kila kitu: mihogo, viatu, misumari, hata vyuma vya motokari ya zamani. Kitu kimoja hakipo pale, hata ukiwa na makuta mingi: mgongo mpya. Kwa hiyo mwezi huu tuzungumze juu ya kuinua vitu vizito. Tutaanza na vijana wa mazoezi, kisha tutafika kwa mama mwenye mzigo na baba mwenye gunia la mawe ya madini.

Ninyi vijana, mnakijua kile chuma cha mviringo chenye mkono juu, sura ya birika isiyo na mdomo. Warusi wanakiita girya. Zamani kilikuwa jiwe la mizani la kupimia nafaka sokoni, na kipimo chao, pud, ni karibu kilo 16. Watu wenye nguvu wakaanza kushindana kukiinua, na hivyo kikawa chombo cha mazoezi. Mtu anakishika kifuani, anachutama, anainuka. Miguu inapata nguvu, na tumbo na mgongo pia.

Huna franka za kukinunua? Chukua bidoni yenye mkono mzima na kifuniko kinachofunga vizuri. Bidoni ya litri 5 ikijaa maji ni kilo 5. Ikijaa mchanga mkavu ni karibu kilo 8. Ile ya litri 10 ikijaa mchanga mkavu inafika karibu kilo 16, sawa na girya ya Warusi. Anza na maji. Ukiona unaweza kuchutama mara 10, ukapumzika, ukarudia hivyo mara tatu bila kutetemeka, hapo uongeze. Wengine wanamimina simenti katika kopo na kusimika chuma ndani. Kabla ya kutumia kitu cha namna hiyo, utikise ule mkono kwa nguvu. Ukicheza hata kidogo, uache. Utakuangukia mguuni.

Sasa, hatari iko wapi? Wengi wanadhani iko katika kuchutama. Mara nyingi mtu anaumia mapema: wakati wa kukiokota chuma chini, au mwishoni, akiwa amechoka na anataka kukitupa tu. Sikiliza juu ya nini. Kati ya mifupa ya mgongo kuna visahani laini vinavyoizuia isisagane. Munganga mmoja wa mifupa kule Uswidi, Alf Nachemson, katika miaka ya 1960 aliingiza sindano ya kipimo ndani ya visahani hivyo kwa watu wazima. Akaona kwamba mtu akiinama mbele na mzigo mikononi, visahani vinakandamizwa zaidi sana kuliko akisimama wima. Jaribu mwenyewe: shika bidoni ya litri 5 karibu na tumbo, kisha unyooshe mikono mbele. Bidoni ni ile ile, lakini imekuwa nzito. Kila mzigo unavyokwenda mbali na mwili, ndivyo kiuno kinavyolipa.

Basi tufuate hatua hizi pole pole.

Kwanza, safisha mahali. Pasiwe na matope, mawe wala watoto wanaocheza. Vua sapatu zinazoteleza. Afadhali miguu mitupu.

Pili, weka chuma katikati ya miguu yako, sawa na vifundo vya miguu. Kisikae mbele yako. Miguu iachane upana wa mabega, vidole vitazame nje kidogo.

Tatu, sukuma makalio nyuma kama mtu anayetafuta kiti, kunja magoti, na mgongo ubaki umenyooka kama ubao. Shika mkono wa chuma kwa mikono miwili. Vuta pumzi, kaza tumbo, kisha sukuma ardhi kwa miguu mpaka usimame. Mikono ibaki imenyooka. Kazi ni ya miguu.

Nne, chuma sasa kinaning'inia mbele ya mapaja. Kunja magoti kidogo, inuka kwa haraka kiasi, na ukivute chuma juu karibu sana na shati lako. Kikifika kifuani, hamisha mikono ikishike pande mbili, viwiko vitazame chini. Kwa bidoni, mkono mmoja ubaki juu, wa pili upite chini ya kitako chake, uikumbatie kama mtoto.

Hatua hii ya nne ikikushinda, usione haya. Weka chuma juu ya kiti kigumu au ukuta mfupi unaofika mapajani, ukichukue pale. Tena, kama huwezi kusimama katikati ya safari na kukishusha taratibu, ujue ni kizito kwako leo.

Tano, chutama. Visigino visitoke chini, magoti yafuate njia ya vidole. Shuka mpaka pale mgongo unapotaka kupinda, usipite hapo.

Sita, kutua. Rudi kwa njia ile ile: kifuani, mapajani, makalio nyuma, chini katikati ya miguu. Usipinde kiuno kwenda kushoto wala kulia ukiwa na mzigo. Ukitaka kugeuka, geuza miguu.

Sasa ninyi akina mama mnaopanda vilima vya mji huu na kamba ya mzigo kwenye paji la uso. Mwaka 1986 wataalamu waliandika habari za wanawake Wajaluo na Wakikuyu wa Kenya. Wale wa kwanza wanabeba kichwani, wa pili wanabeba kwa kamba ya kichwa kama ninyi. Walionekana kwamba wanaweza kutembea na mzigo wa moja ya tano ya uzito wa mwili wao bila kutumia nguvu zaidi ya kutembea bure. Ni ufundi mkubwa. Lakini ufundi ule ni wa kutembea, tena na mzigo wa kiasi: mama wa kilo 60, mzigo wake ni kilo 12. Mizigo ya Bukavu inapita hapo mbali. Kwa hiyo tafuta ukingo wa njia au ukuta, uweke mzigo pale, uuchukue ukiwa karibu umesimama. Tena usione haya kumwita mwenzako: «Mama, nitwike.» Wewe unayeitwa, usipite kama hujasikia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Na ninyi mnaobeba magunia kutoka shimoni, neno ni lile lile. Shirika la Kazi Ulimwenguni lilishauri tangu mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na kwamba mzigo wa wanawake na vijana upungue sana. Najua mnalipwa kwa gunia, na anayebeba kidogo anapata kidogo. Lakini piga hesabu: safari mbili za nusu gunia zinakula saa moja zaidi, mgongo ukikatika, unakula ada ya shule ya watoto mwaka mzima. Gunia zito liinuliwe na watu wawili, wahesabu pamoja: moja, mbili, tatu.

Kiuno kikiuma kidogo tu, usilale kitandani majuma mawili. Tembea taratibu, uache mizigo. Kwa watu wengi maumivu yanapungua ndani ya majuma machache. Lakini maumivu yakishuka mguuni, au mguu ukilegea, nenda kwa munganga. Na kama mkojo umezuiliwa au unatoka wenyewe, au katikati ya mapaja pamekufa ganzi, nenda siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Kazi ya mwezi huu kwa kila jamaa: Jumamosi moja, chukueni bidoni tupu, kila mtu nyumbani aonyeshe namna anavyoiinua. Baba aanze, watoto wamsahihishe. Mtoto anayejifunza leo na bidoni tupu, kesho atakuwa na mgongo wa kulima, kujenga na kumbeba mtoto wake mwenyewe.

Tuonane mwezi ujao.