Kura Iliyokataliwa Haimfaidi Mgombea Yeyote
Kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi mkuu nchini Kenya hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Ujao utaangukia tarehe 10 Agosti 2027. Kujiandikisha ni hatua ya kwanza tu, kwani kura ikitiwa alama vibaya, safari ya kituoni huwa ya bure.

Katika uchaguzi wa urais wa 2022, zaidi ya kura 113,000 zilikataliwa, ilhali pengo baina ya wagombea wawili wa kwanza lilikuwa takriban kura 233,000. Aidha, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2013 kwamba kura zilizokataliwa hazijumuishwi katika kukokotoa asilimia ya mshindi.

Hivyo basi, mpiga kura abebe kitambulisho au pasipoti halisi aliyojiandikisha nayo. Atapewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wadi. Kila moja aitie alama kwa mgombea mmoja pekee. Akikosea, airejeshe kwa msimamizi wa kituo apewe nyingine, kabla hajaitumbukiza sandukuni. Aliye foleni saa kumi na moja jioni, vituo vinapofungwa, bado ana haki ya kupiga kura.