Kivinjari hakihitaji mpambe ili kiongee

Haya, leo nataka kuwachokoza ndugu zangu wa Linux. Ukiwaambia kivinjari hakitoi sauti, wana dawa moja tu mfukoni: weka PulseAudio. Siku hizi wamebadilisha jina la dawa: weka PipeWire. Hawaulizi mashine ni gani wala kadi ni ipi.

Jamani, kadi ya sauti inaongozwa na ALSA, na ALSA imo ndani ya kiini cha Linux tangu 2.6, mwishoni mwa 2003. Seva za sauti hazichukui nafasi yake, zinakaa juu yake. ALSA ikiwa haiioni kadi, rundika seva tatu ukitaka, utapata kimya kile kile.

Watakuambia eti bila seva programu mbili haziwezi kutoa sauti kwa wakati mmoja. Hiyo ni habari ya zamani. Kuna dmix, inayochanganya sauti, na tangu alsa-lib 1.0.9 inajiwasha yenyewe kwa kadi zisizoweza kuchanganya. Hiyo ni kabla Fedora 8 (2007) na Ubuntu 8.04 (2008) hazijatuletea PulseAudio.

Kuna saiba moja Ruiru ninayoisaidia nikitoka kazini Thika. Mashine ni za ex-UK, memori giga 2. Vijana wa pale wanasikiliza rekodi kwenye kivinjari na kuziandika neno kwa neno, wanalipwa kwa dakika ya sauti. Kivinjari kikinyamaza, siku hiyo hakuna pesa. Juzi mashine mbili zilinyamaza, na mwenye saiba alikuwa ameshashauriwa azifomati zote (ushauri wa bure huo!). Nikaandika aplay -l. Kadi 0 ni HDMI, kadi 1 ndiyo ya iafoni. Sauti ilikuwa inatumwa kwa skrini isiyo na spika! Nikaweka hii kwenye faili ya .asoundrc:

defaults.pcm.card 1
defaults.ctl.card 1

Nikafunga Chromium, nikaifungua, ikaongea. Isipokuta seva, Chromium huenda moja kwa moja kwa ALSA bila kulalamika.

Firefox ndiyo yenye kesi. Machi 2017, katika toleo la 52, Mozilla waliiondoa ALSA kwenye Firefox wanayoisambaza wenyewe. Walisema kuitunza ni mzigo, na takwimu zilizotumwa na vivinjari zilionyesha watumiaji wake ni wachache. Lakini distro kadhaa zilikuwa zimezima utumaji wa takwimu hizo! Unamhesabuje mtu ambaye hesabu yako haimfikii? Na msimbo wa ALSA haukufutwa, bado umo, distro yako ikitaka inaujenga kwa --enable-alsa. Kama haitaki kuna apulse, programu inayojifanya PulseAudio mbele ya kivinjari huku ikipeleka sauti kwa ALSA. Yaani tumefika mahali pa kumdanganya kivinjari kuwa mpambe yupo.

Sisemi seva za sauti hazina kazi. Ukitaka iafoni za Bluetooth bila kuhangaika, au sauti ihame kutoka spika hadi iafoni katikati ya wimbo, weka PipeWire. Ni kazi nzuri, Fedora 34 waliifanya ya kawaida mwaka 2021 na sikuwalaumu. Lakini iafoni za saiba ni za waya, za shilingi mia mbili, na zimechomekwa tangu asubuhi. Huko mpambe anaongeza tu kitu kimoja zaidi cha kuharibika, na atakayeitwa kukitengeneza usiku ni mimi.

Vijana sasa wanataka na Firefox pia. Giga 2 haziwezi kuijenga, kwa hivyo nitaijengea kwa mashine yangu Thika, niwabebee Jumamosi kwa flashi.