Maji ya Mzima Twayanywa, Filamu Yake Nani Kaiona?

Ndugu msomaji wa Mombasa, ufunguapo bomba lako yakatoka maji ya chemchemi ya Mzima, yafaa ujue kwamba yuko mtu aliyezama humo na kamera, akawaonyesha walimwengu viboko wakitembea chini ya maji taratibu, kama mabwana waendao barazani. Naye hakutoka mbali. Alikuwa mkazi wa Naivasha, kaunti ya Nakuru: marehemu Alan Root, aliyezaliwa London mwaka 1937, akakulia Kenya, na kufariki mwaka 2017.

Yeye na mkewe, Bi Joan, walikaa kando ya Ziwa Naivasha tangu miaka ya 1960, wakitengeneza filamu za wanyama kwa televisheni ya Uingereza. Ile ya vichuguu, ya mwaka 1978, iliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Mchwa, jamani!

Lakini haki isemwe. Bwana Alan ndiye atajwaye, na Bi Joan, mzaliwa wa Nairobi, husahauliwa. Ilipotakiwa picha ya swila akitema sumu, aliyesimama mbele ya nyoka ni yeye, na sumu ikatua kwenye miwani yake. Huko Mzima kiboko aliitoboa barakoa yake ya kuzamia, jino likamkosa jicho kwa unywele. Mumewe akang'atwa mguu. Baada ya kuachana, Bi Joan alibaki Naivasha akililinda ziwa na wavuvi haramu, hata alipouawa kwa risasi nyumbani kwake Januari 2006.

Manung'uniko yangu ni haya. Filamu hizo zilitengenezwa kwa Kiingereza. Huko Marekani mchwa wetu walisimuliwa na Orson Welles. Sina ugomvi na sauti yake, nzuri mno. Ila lugha yenye kumbikumbi, kichuguu, swila na nyumbu haikosi cha kusema juu ya viumbe hao, wala Pwani haikosi wasimulizi.

Basi wenye vituo vyetu vya televisheni wazitafute filamu hizi, wazitie sauti ya Kiswahili, wazionyeshe usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, wakati bibi na wajukuu wamekaa pamoja. Na jina la Bi Joan liandikwe mwanzoni kabisa, kwa herufi zilizo sawa na za mumewe.