Wachezaji sita uwanjani: Lawama ni ya kocha, si ya mwanafunzi

KATIKA mpira wa vikapu wa shule, kosa la kubadilisha wachezaji huanza kimyakimya. Kipenga kimelia, mchezaji wa akiba ameingia mbio, aliyepaswa kutoka hakusikia jina lake kwa kelele za mashabiki, na mchezo unaendelea. Huenda muda ukapita kabla ya mtu kwenye benchi la wapinzani kuhesabu vichwa na kupaaza sauti kwamba wako sita.

Hapo ndipo refa hupimwa. Wapo wanaomwondoa mmoja na kuendelea kana kwamba hakuna lililotendeka. Wapo pia wanaomgeukia kijana aliye karibu na kumkaripia mbele ya umati. Wote hao wanakwenda kinyume na kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huo, FIBA.

Kanuni zasema mchezo usimamishwe mara kosa linapogunduliwa, mradi wapinzani wasiponzwe. Ikiwa wao ndio wanaoelekea kufunga, refa huwapa nafasi wamalize shambulizi lao. Kisha aliyezidi hutolewa na kocha huandikiwa kosa la kiufundi kwa herufi B. Wapinzani hupata mtupo huru mmoja, na mpira hurudi kwa waliokuwa nao. Kabla ya 2014 adhabu ilikuwa mitupo miwili na mpira juu yake.

La muhimu ni kwamba kosa hilo haliongezwi kwenye makosa matano ya mchezaji yeyote, wala kwenye makosa ya timu katika robo hiyo. Ni mzigo wa kocha peke yake, na akifikisha matatu ya namna hiyo anaondoka uwanjani.

Mkabala huo unaonekana pia kwa mchezaji aliyetimiza makosa matano. Akiwa ameshaarifiwa kwamba mchezo wake umekwisha, kisha akarejea uwanjani, kocha hulipia. Lakini ikiwa meza ilikosea hesabu na hakuna aliyemwambia, hutolewa tu pindi kosa linapogunduliwa, bila adhabu. Kwa maneno mengine, refa anatakiwa kwanza aulize kosa ni la nani.

Nchini Marekani mambo ni tofauti kidogo. Kanuni zinazotumiwa na shule nyingi za upili huko zimekuwa zikimhesabia kosa la kiufundi mchezaji wa akiba mwenyewe akiingia bila kujiandikisha mezani au kabla ya kuitwa na refa. Kwa kijana wa miaka 15 aliyeruka kutoka benchi kwa hamu ya kucheza, huo ni ukali usio na faida. Mfumo unaotumika Kenya, wa kumrudisha nje ya mstari hadi aitwe kwa ishara, unamfundisha bila kumvunja moyo.

Hata hivyo, huruma ina mipaka. Mashindano ya shule za sekondari si mchezo wa kupitisha jioni, kwani ndiyo njia ya kufikia michezo ya shule za Afrika Mashariki. Shule kama Laiser Hill ya Kajiado na Kaya Tiwi ya Kwale zimejijengea jina humo. Refa anayefumbia macho mchezaji wa sita anawanyima wapinzani mtupo ambao ni haki yao, na mechi nyingi za vijana huamuliwa kwa pointi moja.

Chanzo cha tatizo, mara nyingi, ni utaratibu wenyewe. Anayeingia sharti ajiandikishe mezani na asubiri nje ya mstari. Anayetoka anaruhusiwa kwenda moja kwa moja kwenye benchi bila kumwarifu yeyote. Basi hakuna anayethibitisha kwamba kweli ametoka! Katika ligi kubwa pengo hilo huzibwa na maafisa wa meza wenye uzoefu. Shuleni, huenda daftari la alama limeshikwa na mwalimu aliyeombwa asubuhi hiyo, au mwanafunzi ambaye jicho lake moja liko kwa timu yake.

Dawa yake haihitaji bajeti. Kabla ya kumkabidhi mchezaji mpira baada ya mabadiliko, refa ahesabu watano kila upande, na mwenzake ahesabu pia. Hiyo ni kazi ya sekunde mbili au tatu ambayo marefa hufunzwa, ingawa huwa ya kwanza kusahaulika mechi inapopamba moto. Nao makocha wamtaje anayetoka kabla ya kumwinua anayeingia.