Ukasuku Katika Upimaji wa Programu

Wapo wahadhiri wanaoamini kwamba somo la vipimo vya programu za kompyuta limekwisha fundishwa pindi mwanafunzi anapoweza kukariri kanuni na kuzitapika katika karatasi ya mtihani. Huo ni ukasuku mtupu, na madhara yake hayaishii darasani, kwani mwanafunzi huyo ndiye atakayekabidhiwa kesho mifumo ya mishahara na ya hospitali.

Chukua kipimo alichokitoa Thomas McCabe mwaka 1976. Huhesabu njia panda zilizomo ndani ya programu: kila penye uamuzi pahesabiwe moja, kisha jumla iongezewe moja. McCabe alipendekeza isizidi 10. Mwanafunzi huimeza 10 hiyo kana kwamba ni amri iliyoshushwa, wala haulizwi swali lenye maana: je, sehemu yenye 14 ina makosa mengi kwa sababu ya njia panda zake, au kwa sababu ni ndefu tu? Maana imeonekana mara nyingi kwamba kipimo hicho hupanda sambamba na idadi ya mistari.

Na idadi ya mistari yenyewe ni kichekesho. Mwaka 1982, wakuu wa kazi katika kampuni ya Apple walidai kila mtaalamu ajaze fomu kila wiki, aeleze ameandika mistari mingapi. Bill Atkinson, aliyekuwa ameiandika upya sehemu ya michoro ikaenda kasi takriban mara sita na kupungua mistari 2,000, alijaza: kasoro 2,000. Baada ya wiki chache hakuombwa fomu tena. Mwalimu aliyepata kukaguliwa kwa wingi wa kurasa za maandalio ya somo hahitaji kuelezwa zaidi.

Hatusemi vipimo vitupwe. Hiyo ni hoja ya wavivu. Victor Basili wa Chuo Kikuu cha Maryland alikwisha onyesha njia katika miaka ya 1980: kwanza lengo, kisha swali, ndipo kipimo. Hata Tom DeMarco, ambaye kitabu chake cha mwaka 1982 kiliwaaminisha wengi kwamba hakuna udhibiti pasipo vipimo, aliandika mwaka 2009 akiitilia shaka imani hiyo.

Watalalamika kwamba kufundisha hivyo kunachosha kusahihisha. Kunachosha kweli, na ndiyo kazi waliyoajiriwa kuifanya. Mwanafunzi apewe programu halisi, aipime, atabiri makosa yamejificha wapi, kisha afunguliwe kumbukumbu za makosa yaliyokwisha ripotiwa. Alama azipate kwa kueleza ni wapi vipimo vyake vilimdanganya, na kwa nini.