Rukyaa anatoka Kagera, binti wa Muleba atamjulia wapi?

Februari 20, 2016, Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Yanga inaichapa Simba 2-0, beki wa Simba Abdi Banda anakula kadi nyekundu, na aliyemtoa nje ni mwanamke. Jina lake Jonesia Rukyaa, mwamuzi kutoka Kagera. Januari 4, 2020 akapewa tena dabi ya Kariakoo, ikaisha 2-2.

Mashabiki wa vijiweni Bukoba wanaikumbuka vizuri stori hiyo. Binti wa miaka 12 au 13 wa Kamachumu au Nshamba, kule Muleba, hawezi kuikumbuka. Wakati Rukyaa anapuliza filimbi ile ya 2016, yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kama nyumbani hakuna wa kumsimulia, atamkuta sehemu moja tu: kwenye simu.

Kwa mkoa ulio zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Dar es Salaam, hilo si jambo dogo. Hata Kaitaba palipoa Kagera Sugar iliposhuka daraja mwisho wa msimu wa 2024/25. Wakubwa wa Ligi Kuu waliokuwa wakija Bukoba kila msimu wakabaki kuonekana kwenye skrini, na hao ni wanaume. Mchezaji wa kike wa kiwango cha juu, binti wa Kagera anamuona kwa intaneti au hamuoni kabisa.

Akimpata, anapata kitu kikubwa kuliko picha ya staa. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess, akaenda BK Häcken ya Sweden, kisha mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya England. Clara Luvanga naye alipita Yanga Princess kabla ya kutua Al Nassr ya Saudi Arabia. Julietha Singano alikwenda kukipiga Juárez, Mexico. Wachezaji wa Barcelona ni wazuri kuwatazama, lakini njia yao ilianzia kwenye akademi ambazo Muleba hazipo. Njia ya Masaka imepita kwenye ligi ya hapa hapa, na binti anaweza kuihesabu hatua kwa hatua.

Ushahidi mwingine upo. Oktoba 2022, Serengeti Girls waliifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la U-17 kule India. Julai 2025, Twiga Stars walitoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi, kwenye WAFCON nchini Morocco. Wale wa India walikuwa watoto wa shule, umri wa dada zake.

Sasa tuje kwenye ukweli wa mtaani. Simu ni ya baba au kaka, na shuleni haziruhusiwi. Bando likinunuliwa, linaishia kwenye magoli ya Simba na Yanga na mabishano ya usajili. Mitandao nayo ina tabia moja: inakuletea kile ulichozoea kutazama. Simu iliyoshinda kwa wanaume mwezi mzima haiwezi ghafla kumletea binti Luvanga. Lazima mtu aandike jina lake, na ili uandike jina lazima kwanza ulijue.

Halafu kuna maoni chini ya picha. Mchezaji wa kike anaweka video ya mazoezi, na wapo wanaojaa kubishana kama ni mwanamke kweli. Binti anayasoma yote. Mzazi aliyekuwa na wasiwasi na mpira anayasoma pia, na hapo ruhusa ya kwenda mazoezini jioni inayeyuka. Intaneti ile ile iliyomwonesha mfano inampa baba sababu ya kukataa.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba Kagera yenyewe haijitangazi. Mechi za wasichana za UMISSETA na UMITASHUMTA zinachezwa, zinaisha, na mara nyingi hakuna hata dakika mbili za video zinazobaki. KRFA haihitaji kituo cha televisheni kwa hilo. Simu moja, kijana mmoja mwenye mkono uliotulia na ukurasa unaojazwa kila wiki vinatosha kuanzia. Rukyaa akikaa mbele ya kamera hiyo na kueleza alivyoanza na filimbi, binti wa Nshamba atasikia lafudhi ya kwao.

Video haimpi mtoto mpira, viatu wala kocha. Inampa jina la kumtajia baba siku akiulizwa mpira wa wanawake unampeleka mtu wapi. Baba shabiki, ambaye tayari analipia bando, anaweza kumpa dakika kumi za kulitafuta jina hilo kabla hajarudi kwenye magoli ya timu yake.